Kula Mombasa: Maswali Ambayo Wageni Wangu Huuliza

Nina vyumba viwili vya kupangisha wageni hapa Tudor. Mgeni akishaweka begi chini, swali la kwanza huwa ni nenosiri la intaneti na la pili ni "tukale wapi?" Nimelijibu kwa mdomo, kwa simu, na kwa ujumbe wa sauti nikiwa ndani ya tuktuk. Sasa nimeyaandika majibu yote mahali pamoja ili nami nipumzike. Neno moja kabla hatujaanza: hapa kwetu "hoteli" ni mahali pa kula. Ukimwambia dereva akupeleke hoteli, usishangae akikushusha mbele ya sufuria ya pilau.

Basi, tukale wapi?

Nitakwambia, ila niambie kwanza ni saa ngapi. Chakula cha Mombasa kina saa zake, na mtu aliyekosa saa huambulia makombo hata akienda kwenye hoteli yenye sifa mji mzima.

Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu hivi ni mahamri na mbaazi, chapati, supu na chai ya maziwa. Kuanzia saa nne mji hutulia. Wapishi wako jikoni, na ukiingia utaambiwa "bado kidogo", na kidogo hiyo ni saa nzima. Saa sita na nusu hadi saa tisa ni wali: pilau, biriani, wali wa nazi kwa samaki. Saa kumi alasiri makarai huanza kuchemka mafuta kando ya barabara, utaona viazi karai, bajia, kachori na mihogo. Magharibi ikiingia ni zamu ya makaa, mishkaki na kuku. Usiku mkubwa zinabaki hoteli za shawarma na chipsi, na mzee wa kahawa.

Nilikuwa na mgeni kutoka Nakuru aliyetaka mahamri saa kumi na moja jioni. Tuliyapata, lakini yalikuwa ya asubuhi, yamekauka ngozi na ndani yamekuwa kama sponji. Alirudi kwao akisema mahamri ya Mombasa hayana lolote. Mpaka leo roho inaniuma.

Mahamri si mandazi tu kwa jina lingine?

Usiseme hivyo mbele ya mamangu. Hamri hukandwa kwa tui la nazi, hutiwa iliki na hamira, na unga huachwa uumuke. Likitumbukizwa kwenye mafuta hufura likawa na uwazi ndani. Ukilipasua mvuke hutoka na harufu ya iliki, kisha ule uwazi ndio unaochotea mbaazi. Mbaazi nazo huchemshwa mpaka zilainike, zikatiwa tui, kitunguu na pilipili mbichi iliyopasuliwa katikati ili itoe harufu bila kuwasha sana.

Mtaani mwetu mama anayezipika hana kibao wala jina la biashara. Ana mlango ulio nusu wazi na sufuria mbili. Unakwenda na bakuli lako, unasema "mbaazi za hamsini na mahamri sita", na ukichelewa kupita saa mbili na nusu unakuta anaosha sufuria. Akina mama wa namna hiyo wako karibu kila mtaa wa kisiwani, kuanzia Mji wa Kale na Bondeni hadi Majengo. Muulize mwenyeji yeyote unayemkuta asubuhi akitembea na bakuli. Huyo ndiye anayejua.

Tofauti ya biriani na pilau ni nini? Naona zote ni wali na nyama.

Pilau hupikwa pamoja. Nyama, viazi, mchele, bizari nzima, mdalasini, karafuu na pilipili manga vyote huiva katika sufuria moja, na wali hupata rangi ya kahawia kutokana na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva sana. Biriani ya Mombasa ina sufuria mbili. Moja ni ya masala, yaani nyama au kuku katika mchuzi mzito wa nyanya, maziwa ya mtindi, vitunguu vya kukaanga, tangawizi na thomu (kitunguu saumu). Nyingine ni ya wali mweupe uliorashiwa rangi ya manjano au zafarani. Sahanini wali hupakuliwa na masala huwekwa juu au pembeni, na mlaji huchanganya mwenyewe kadiri apendavyo. Anayetarajia biriani ya kupangwa tabaka kwa tabaka na kuivishwa kwa mvuke, kama ya Hyderabad, hataikuta hapa isipokuwa katika hoteli za Kihindi.

Siku ya biriani ni Ijumaa. Watu wakitoka msikitini hoteli hujaa mpaka mlangoni, na ikifika saa tisa jibu ni "imekwisha, iko pilau". Ukitaka uhakika, pita asubuhi useme wakuwekee sahani, au kula kabla ya saa saba. Ila ujue kuwa wakati wa swala yenyewe hoteli nyingi za Mji wa Kale hurudisha mlango.

Mimi ni mtu wa pilau, nisiwafiche. Biriani nzuri hutegemea nani amepika, lakini pilau mbaya ni vigumu kuipata.

Chakula cha kienyeji ni kipi, na cha kigeni ni kipi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu kila nikijaribu kulijibu jibu linanitoroka.

Chukua viazi karai vinavyouzwa Mwembe Kuku jioni. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Manjano inayompa rangi imetoka Asia. Karai lenyewe, chombo na jina, ni la Kihindi. Aliyesimama mbele ya karai ni Mswahili, na anayekula ni Mkamba aliyetoka kazini bandarini. Hicho utakiita cha nchi gani? Muhogo na pilipili vilivuka bahari kutoka Amerika wakati Wareno wakitawala njia hizi za maji, wale wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kufukuzwa na Waomani mwaka 1698. Waliondoka, lakini neno "meza" walituachia, na kitu cha kuweka juu yake pia. Sambusa, pilau, biriani, bajia, achari, chapati, kachumbari, halua: hakuna hata jina moja hapo lililozaliwa Pwani, na hakuna hata moja ambalo bibi yangu angekubali kuambiwa ni la kigeni.

Kabla ya hayo yote? Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akaandika kwamba watu wa Mombasa hula zaidi ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo ukitaka chakula cha kienyeji kwa kipimo kikali kabisa, agiza ndizi kwa samaki. Mengine yote ni wageni waliochelewa kurudi kwao.

Ndiyo maana wageni wangu siwagawii orodha ya nchi. Huwauliza saa, kisha huwauliza wana njaa ya wali, ya mkate au ya kutafuna tu.

Hicho cha kutafuna tu, tunakipata wapi?

Nenda Lighthouse, ufukweni mwa Mama Ngina, kuanzia saa kumi na moja jioni. Meli hupita mbele yako zikiingia Kilindini, kubwa kama majengo ya ghorofa, na watu wamekaa juu ya kuta na katika magari na miguu nje.

Mtazame muuza mihogo. Muhogo huchomwa juu ya makaa mpaka uungue kidogo nje. Huuchukua kwa vidole ambavyo nadhani vilishakufa ganzi miaka mingi iliyopita, akaupasua urefu, akachukua nusu ndimu, akaichovya katika chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, na kwa hiyo ndimu akausugua muhogo kuanzia kichwa hadi mkia. Anaufunga kwenye karatasi. Pembeni kuna kachri za muhogo zilizokatwa nyembamba na kukaangwa, na madafu yaliyorundikwa. Dafu ukilimaliza mrudishie alipasue, na akukatie kijiko cha ganda ule ile nyama laini ya ndani. Wageni wengi hulitupa na nyama yake. Dhambi.

Mwembe Kuku na mitaa ya Makadara ni kwa wanaotaka kushiba kwa kutafuna. Kuna viazi karai na bajia kwa chatne ya nazi au ya ukwaju, mishkaki, na mkate wa mayai. Huo mkate hukunjuliwa mwembamba kama kitambaa, ukatiwa nyama ya kusaga na yai, ukakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya bati. Waliofika Zanzibar watasema wanaufahamu. Kuhusu urojo wa Zanzibar na viazi vya rojo vya Mombasa, kipi ni bora, nimekataa kujibu. Nina shemeji kila upande.

Samaki? Tumekuja kwa ajili ya samaki.

Vizuri, basi jueni kwanza pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Bahari huwa tulivu kiasi, wavuvi hutoka, na samaki ni wengi. Kusi huanza Aprili na kuendelea mpaka Septemba hivi. Bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki mbali, na bei hupanda. Mwezi wa Juni mtu akikwambia ana kila aina ya samaki fresh, muulize wamelala kwenye barafu siku ngapi.

Cha kuagiza ni samaki wa kupaka. Changu au tewa mzima hupasuliwa, hupakwa thomu, tangawizi na ndimu, huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa rojo la tui zito la nazi huku akigeuzwa, tena na tena, mpaka lishike na lianze kuungua pembeni. Hapo ndipo jina lilipotoka. Ukiletewa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi wa nazi, huyo amemwagiwa, hajapakwa. Nguru ni mzuri kwa mchuzi, jodari kwa kuchoma, na pweza kwa nazi anahitaji mpishi mwenye subira, la sivyo utatafuna mpira. Supu ya pweza ya jioni ina wateja wengi wanaume. Sababu wanazijua wenyewe.

Kwa meza yenye kitambaa cheupe na bahari chini yako, Tamarind ya Nyali inatazama Bandari ya Kale na Mji wa Kale kutoka ng'ambo ya maji. Ni ghali, na watu hurudi.

Sasa onyo. Rafiki yangu alinialika kula katika hoteli moja ya ufukweni ambayo sitaitaja. Menyu iliandika bei ya kamba wale wakubwa, bei ambayo kwa kweli ilitupendeza. Chini yake, kwa maandishi madogo kama sisimizi, iliandikwa "kwa gramu 100". Kamba aliyeletwa alikuwa na karibu kilo. Tulikaa kimya mpaka gari lilipovuka daraja la Nyali. Kwa hiyo kaa na kamba wakubwa, uliza uzito na jumla kabla hawajaingia jikoni.

Na vyakula vya Kihindi?

Hapa Mombasa tumebarikiwa. Watu hudhani Wahindi wote waliletwa na reli. Ni kweli kwamba ujenzi ulioanza hapa Mombasa mwaka 1896 ulileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, lakini wengi wao walirudi makwao, na wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wakija na majahazi ya kaskazi muda mrefu kabla ya hapo. Ndiyo maana jiko la Kihindi la Mombasa lina ladha nyingi za Gujarat: thali ya mboga yenye vibakuli vidogo vidogo, dhokla (keki ya chumvi ya unga wa dengu), kachori, chevda (mchanganyiko mkavu wa vitafunio). Wabohora wana mapishi yao ya nyama, Wagoa yao, na Waismaili walitupa kuku paka. Huyo ni binamu wa kuku wetu wa kupaka, na familia hizo mbili bado hazijakubaliana nani mkubwa.

Shehnai, katika barabara ya Maungano, ina jina la miaka mingi kwa mapishi ya Kimughal, yaani ya India ya kaskazini. Kwa vitafunio na vitu vitamu, zunguka mitaa iliyo karibu na barabara ya Langoni na ya Biashara mchana, uingie duka lolote lenye kabati la vioo na foleni ya akina mama wa Kihindi.

Sili nyama. Nitaishi?

Utanenepa. Mbaazi, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi, viazi karai na bajia hazina nyama, na hoteli za Kigujarati hazina hata yai. Jihadhari na sambusa, maana usipouliza utapewa za nyama. Pilau hata ukiipata haina kipande imepikwa kwa supu ya nyama, kwa hiyo omba wali mweupe au wa nazi. Kama unafuata Ujaini, dini ya Kihindi, na huli vitunguu wala mizizi, sema tu. Mji huu una hekalu la Wajaini hapo Langoni na wapishi wa maeneo hayo wanalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Waarabu na Wasomali nao wanapika nini?

Wengi wa Waarabu wa hapa asili yao ni Hadhramaut (Yemen) na Oman, na chakula chao kimeingia katika chetu mpaka huoni mshono. Siku hizi lililovuma ni mandi: mbuzi au kuku aliyeivishwa taratibu kwa mvuke na moshi, akalazwa juu ya wali mrefu katika sinia moja kwa watu wanne. Mkaeni sakafuni kama kuna mkeka, ndivyo inavyonoga. Shawarma iko kila kona, na Tarboush ya barabara ya Makadara ndiyo jina ambalo hata dereva wa matatu atakuelekeza. Hufunguliwa mpaka usiku na watu hukaa nje.

Hoteli za Kisomali wana wali wa nyama ya mbuzi, nyama ya ngamia, anjera (chapati laini ya unga uliochachuka) asubuhi, na baasto, yaani tambi walizozizoea tangu Waitaliano walipotawala kusini mwa Somalia. Ukiletewa ndizi mbivu kando ya wali, usiiweke ukidhani ni ya kumalizia. Inamenywa na kuliwa pamoja na wali wa nyama, tonge kwa tonge. Nilibisha mara ya kwanza. Sibishi tena.

Kichina, Kiitaliano, piza, vitu kama hivyo?

Vuka daraja uende Nyali. Kule kuna maduka makubwa, hoteli za Kichina, za Kiitaliano, za kahawa ya mashine na baga, nyingine nzuri na nyingine zinauza viti. Waitaliano wa Pwani makao yao hasa ni Malindi na Watamu. Kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, kilikuwa Ngomeni tangu miaka ya 1960, na walipokuja wahandisi wakaja na watalii na wapishi. Gelato ya huko ni jambo lingine kabisa. Lakini Nyali na Bamburi utapata piza ya kuni inayoridhisha.

Kwa Wachina nina mbinu moja. Hoteli huwa na menyu niliyopewa mimi, na kuna vyakula vilivyoko kwenye meza ya Wachina wenyewe ambavyo menyu yangu haina. Natazama walichoagiza, naonyesha kidole, nasema "kama kile". Mpaka sasa nimekosea mara moja tu, na ilikuwa jongoo bahari.

Sisi ni watu wa bara. Tunataka ugali na nyama choma.

Hapa unaitwa sima. Nendeni Mikindani, Changamwe, Mishomoroni au Bamburi, wanakoishi ndugu zenu wengi. Kuna githeri, matumbo, samaki wa ziwa na nyama ya kukatwa kwenye ubao. Mtwapa ndiko kunakokesha, ingawa kwa mipaka ni Kaunti ya Kilifi. Ila nawasihi: hata kama ni sima, ichukueni kwa mchicha wa nazi au mtsunga, mboga chungu ya Wamijikenda ambayo siku ya kwanza hukunja uso na siku ya tatu huulizia.

Pombe?

Hoteli za Mji wa Kale na nyingi za Waislamu kisiwani hazina, na si adabu kuingia nayo. Nyali, hoteli za ufukweni na Mtwapa utaipata. Anayetaka mnazi, yaani tembo, atafute mangwe (kilabu cha tembo) pamoja na mwenyeji, aupate wa asubuhi ukiwa bado mtamu, na asimsifu mgema kupita kiasi. Sababu wahenga walishaisema.

Kinywaji changu mimi ni kahawa ya usiku. Mzee anabeba dele lenye jiko dogo la makaa chini yake, na mkono wa pili unagonganisha vikombe, kli-kli-kli, unamsikia kabla hujamwona. Uliza "tungu", yaani chungu isiyo na sukari, au ya tangawizi. Kikombe ni cha mafunda mawili tu, kashata au tende pembeni, na mazungumzo ya siasa hutolewa bure.

Tukija Ramadhani tutalala njaa?

Mchana hoteli nyingi za kisiwani hufunga. Za Nyali, za ufukweni na baadhi za katikati ya mji huendelea. Kuleni ndani, si kutembea barabarani mkitafuna. Lakini kuanzia saa kumi alasiri hakuna mji Kenya nzima unaonukia kama huu. Kila baraza lina meza: kaimati zinazomeremeta shira, vitumbua, vibibi, sambusa, mkate wa sinia, mihogo ya nazi, viazi vitamu vya nazi, ndizi mbichi, tambi, na uji wenye pilipili manga. Adhana ikilia, barabara hubaki tupu kwa dakika ishirini. Kisha kila mtu hutoka nje, na mji hulala baada ya daku. Ukialikwa kufuturu nyumbani kwa mtu, acha mambo yote uende.

Tutenge pesa ngapi?

Kwa bei ninazolipa mimi siku hizi, hamri moja ni shilingi 10, kahawa vivyo hivyo, na mtu mmoja hushiba asubuhi kwa 100 hadi 150. Sahani ya pilau au biriani katika hoteli ya kawaida ni kati ya 300 na 500. Hoteli za Nyali hesabu 1,500 kwenda juu kwa mtu, na za samaki wa kifahari hazina mwisho. Katika hoteli kubwa angalia kama bei ya menyu imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Karibu kila mahali utalipa kwa M-Pesa, isipokuwa mama wa mbaazi, ambaye simu yake huwa na mtoto. Beba sarafu. Bakshishi si lazima, lakini mhudumu atakukumbuka.

Tumbo letu litasalimika?

Kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako na penye foleni. Cha moto hakijawahi kunisumbua. Kilichonilaza siku mbili ni kachumbari iliyokaa tangu asubuhi katika harusi ya jamaa yangu mwenyewe. Maji ya kunywa nunua, na barafu iulize imetoka wapi. Pilipili ukiiona ni ndogo na ya kijani, iache hapo ilipo.

Tule kwa mkono?

Wa kulia, ndiyo. Utaletewa birika na bakuli unawe, au kuna bomba pembeni. Ukitaka kijiko omba, hakuna atakayekucheka. Mji wa Kale funika mabega na magoti, na usimpige picha mtu akikaanga bila kumwomba. Anza na salamu, maana "nipe bajia" bila "habari za jioni" hukupa bajia za chini ya sinia.

Tunarudi Nairobi kwa reli. Tubebe nini?

Mabuyu mekundu, kachri za muhogo, na halua. Halua inunue asubuhi ya safari, ile inayopimwa kutoka sufuriani ikiwa bado na joto. Haihitaji friji, na hukaa siku kadhaa kama hamjaifungua njiani. Bizari zipimwe soko la Marikiti, na nusa kabla ya kulipa. Achari ya embe ni lazima, lakini itieni kwenye chupa ya kioo, mfunge kwa karatasi, kisha muiweke wima katika mfuko wa mkononi. Mwaka jana mgeni wangu aliilaza kwenye begi pamoja na shati la kazini. Alinipigia simu akiwa Voi.